Tangi Lilipoanza Kunguruma

Kama gazeti la wiki jana lilikwenda kufungia nyama kabla hujalisoma, usijali, hukuachwa mbali. Resian, mke wa Koinet wa Kitengela, alimshawishi mumewe waweke shawa ya stima bafuni. Ilikuwa kwa ajili ya mama mkwe wake, Yeyo, aliyehamia kwao baada ya kiangazi kumaliza ng'ombe wake wote, naye alikuwa akiumwa na viungo kila asubuhi ya baridi. Siku ya kwanza kuoga, Yeyo alishika mfereji wa chuma, stima ikamtupa sakafuni.

Mama alipona, lakini mkono wake wa kulia ulibaki ukitetemeka. Na Simel, kaka mkubwa wa Koinet, alipiga simu kutoka Entarara akasema bila kuuma maneno: "Huyo mwanamke alitaka kuua mama yetu."

Tangu siku hiyo Resian aliogopa nyumba yake mwenyewe.

Aliwasha taa ya jikoni kwa mpini wa mwiko. Alifungua mfereji akiwa ameviringisha taulo mkononi. Alioga kwa beseni, mlango ukiwa wazi, tayari kukimbia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Resian alikuwa akishtuka kutwa nzima.

Lakini kilichomtisha zaidi hakikuwa stima. Kilikuwa kimya cha mume wake.

Koinet alifanya kazi kiwandani Athi River. Zamani akirudi jioni alimbeba Soila, binti yao wa miaka mitatu, mabegani, akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbovu mpaka majirani wacheke. Sasa haimbi. Anakula akitazama sahani.

Asubuhi moja alisema bila kuinua kichwa, "Simel anakuja Jumamosi."

"Kutusalimia?"

"Anakuja na maneno."

Resian aliweka kikombe chini. "Maneno gani, Baba Soila?"

"Anasema Yeyo arudi Entarara. Na Soila aende naye. Ati mtoto hawezi kulelewa na mtu kama huyo."

"Mtu kama nani?"

Koinet alisimama akachukua koti lake.

"Na wewe unasema nini?" Resian alimfuata mpaka mlangoni. "Wewe ulikuwa hapa. Uliona vile nilimbeba Yeyo. Uliona vile nililia. Unasema nini?"

"Nasema hiyo kitu itoke kwa ukuta. Simel akifika apate mama anaoga maji moto, ndani ya nyumba, na hakuna kitu inamuuma. Akipata anaogea beseni huko nje kama mgeni, mimi sina mdomo."

"Tuweke gani sasa?"

"Chagua wewe. Si ni wewe ulichagua ya kwanza?"

Akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Siku hiyo hiyo Resian alikwenda kwa Adow, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Adow alimwona akiingia akainua mikono yote miwili.

"Mama Soila, ile ya kwanza si mimi nilikuuzia!"

"Najua. Nilinunua kwa mtu wa barabarani. Leo niambie ukweli tu. Kati ya hizi zako, gani haiwezi kuua mtu?"

Adow aliacha misumari aliyokuwa akipima. Alishusha kisanduku kidogo kutoka kwenye rafu. Kisha akamwonyesha tangi jeupe lililosimama pembeni, limevimba tumbo kama kondoo mwenye mimba.

"Hii ndogo ni instant," alisema. "Haina tangi. Maji inapita, inapata moto hapo hapo, inatoka. Ukizima, imeisha. Lakini maji ya Kitengela ni ya chumvi, na chumvi inabeba stima. Kwa hivyo lazima uchukue hii ya maji ya chumvi, yenye waya yake imefungwa ndani haigusi maji. Na fundi lazima aweke ile waya ingine ya kushuka mpaka kwa udongo. Yako nasikia ilikuwa ya maji tamu."

"Na hii kubwa?"

"Hii ni boila. Inaweka maji ndani, inachemsha pole pole, inakaa nayo. Unaweza kuwasha, uzime kabisa, ndio mama aingie kuoga. Stima inakuwa mbali na mtu. Lakini inataka heshima. Maji ikipata moto inafura, na lazima iwe na pahali pa kupumulia."

"Ikikosa?"

Adow alidhani anatania. "Itakosa aje? Iko na valvu, ndio mlango wa pumzi yake."

"Ungekuwa ni wewe, na ni mama yako?"

"Wallahi, ningechukua ndogo ya chumvi, na nitafute fundi mzuri. Tangi na maji yetu haielewani. Inaota magamba ndani kama sufuria ya chai."

Maneno ya Adow yalikuwa na akili. Lakini Resian alikitazama kile kisanduku kidogo, akaona picha ya shawa iliyochorwa juu yake, uso ule ule uliokuwa ukutani siku Yeyo alipolala sakafuni, povu la sabuni likiwa masikioni na macho yakiwa yamegeuka. Akashika meza.

"Nipe kubwa," alisema.

"Umefikiria, dada?"

"Nipe kubwa, Adow."

Msomaji, usimlaumu. Resian hakuchagua siku hiyo. Woga ndio uliochagua.

Fundi aliyekuja kuliweka aliitwa Nashon. Yeyo alipoambiwa fundi wa stima anakuja, alimshika Soila mkono akaenda kukaa kwa jirani, Mama Apondi. Aliapa hataingia nyumba hiyo mpaka mtu huyo atoke.

Nashon aling'oa ile shawa ya zamani, akachungulia ukutani, akapiga mluzi.

"Hapa hakukuwa na waya ya udongo hata kidogo. Huu ulikuwa mtego."

Resian alimgeukia mumewe haraka. "Umesikia? Ni fundi alikosea! Si mimi!"

Koinet alisikia. Kwa muda uso wake ulilegea, Resian akadhani ataimba tena. Kisha akauliza, kwa upole uliouma kuliko kofi, "Na huyo fundi wa kwanza, nani alimleta?"

Alikuwa ni Resian.

Tangi likafungwa juu ukutani. Kutoka chini yake Nashon alipitisha kipaipu chembamba mpaka nje ya nyumba.

"Likichemka litadondosha maji hapa nje," aliwaambia wote wawili. "Msishtuke. Hiyo ndio pumzi yake. Msiguse."

Yeyo hakuwepo kusikia, na hakuna aliyekumbuka kumweleza. Nani angeanza kumfundisha mama mzee habari za valvu?

Walichemsha, wakazima, Koinet akaoga wa kwanza. Alitoka akitoa mvuke, hajarushwa. Resian akaoga wa pili huku akiomba Mungu kwa sauti. Maji yalikuwa moto, matamu mwilini. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, alilala.

Yeyo tu ndiye alikataa. "Mimi na hiyo chumba tulimalizana," alisema, akaendelea na beseni lake nyuma ya nyumba.

Huko nyuma ndiko alikoona kipaipu.

"Entito ai, binti yangu," alimwita Resian, "hii nyumba yenu inakojoa."

Resian alicheka. Hakuwa amecheka siku nyingi. "Ni tangi, Yeyo. Ni kawaida yake."

"Kawaida?" Mama mzee hakucheka. "Mwaka huu nimeona ng'ombe akilamba matope mpaka akakufa, ulimi nje. Nimeona watoto wakingojea lori ya maji kutoka asubuhi mpaka jua inalala. Na hapa maji inamwagwa kwa mchanga, na ni kawaida?"

"Nitaweka kopo hapo, Yeyo. Hayatapotea."

Alikuwa na nia ya kuliweka. Lakini simu ililia ndani. Alikuwa Simel, akitaka kuhakikisha kwamba Jumamosi hakuna mtu atakayekuwa safarini. Baada ya simu hiyo Resian alikaa kitandani akihesabu siku zilizobaki, na kopo likasahaulika.

Jumamosi ikafika.

Koinet alitoka kwenda kumpokea kaka yake. Resian aliomba ruhusa mapema kwenye duka la dawa za mifugo alikofanya kazi, akanunua nyama, akarudi nyumbani mbio ili chakula kiive kabla mgeni hajaketi. Asubuhi kabla ya kutoka alikuwa amewasha tangi, maji ya mgeni yapate moto, akamwomba Yeyo alizime baadaye. Yeyo alisema hata kwa fimbo hataigusa swichi hiyo, kisha akasema, "Sawa, nitajaribu."

Resian alipofungua lango la nyuma, kitu cha kwanza alichoona ni mchanga chini ya kipaipu. Ulikuwa mkavu. Alifurahi. Yeyo ameweza kulizima!

Kitu cha pili alikisikia.

Ulikuwa mngurumo mzito, kama lori lililobeba mawe likipanda mlima. Aliangalia barabarani. Hakukuwa na lori. Mngurumo ulikuwa ndani ya nyumba yake.

Aliangusha nyama. Ukumbini, taa nyekundu ya swichi ilikuwa ikiwaka. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa, na nyuma yake sauti ya Yeyo ilikuwa ikiimba kwa Kimaasai, na Soila akicheka.

"Yeyo! Uko ndani?"

"Niko na mtoto!" Sauti ilikuwa na furaha na hofu pamoja, kama ya mtu anayevuka mto. "Swichi nimebonyeza, nimesema leo niingie. Simel akija atapata nimeoga. Nitamwambia nyumba ya mwanangu haina ubaya."

Machozi yalimjaa Resian. Mama huyu ameingia chumba kilichomtupa chini, ameingia kwa ajili yake!

Ndipo ukuta ukagonga. Dum! Chokaa ikaanguka kutoka darini.

Resian alivuta mkono wa sweta ukafunika vidole, akabonyeza swichi. Taa nyekundu haikuzimika. Akabonyeza tena. Swichi ilikuwa ya moto, pembeni imeyeyuka kama mshumaa.

Alikimbia sebuleni, akapanda kiti chini ya swichi kubwa ya stima ya nyumba nzima. Mkono ukakataa. Aliuona mkono wake mwenyewe ukining'inia hewani, hautaki kwenda mbele. Akamsikia Soila akicheka tena. Akafumba macho, akavuta.

Friji ikanyamaza. Redio ya Mama Apondi ikasikika kutoka ng'ambo ya ua.

Tangi halikunyamaza.

Alimpigia Nashon vidole vikiteleza kwenye simu. "Fundi, iko inanguruma! Nimezima stima yote na bado inanguruma!"

"Kile kipaipu cha nje kinadondosha?"

"Hapana. Imekauka kabisa."

Nashon akapiga kelele hadi simu ikakoroma: "Toka! Toka na kila mtu! Msifungue maji ya moto, msiguse kitu, tokeni nje!"

Na ndani ya bafu, Yeyo alikuwa akisema, "Soila, ngoja nikufungulie ya moto kidogo."

"Yeyo, tapala! Acha! Usishike hiyo mfereji!"

Wimbo ulikatika. Mama mzee aliijua sauti hiyo. Ndiyo sauti aliyoisikia siku ile akiwa sakafuni.

"Imekuja tena?" aliuliza taratibu.

"Bado, Yeyo. Bado haijakuja. Fungua mlango."

Komeo likatikisika, likatikisika, likanyamaza.

"Mkono haushiki."

"Jaribu wa kushoto. Yeyo wangu, wa kushoto!"

Dum! Soila akaanza kulia. Resian alijitupa kwenye mlango kwa bega, mara moja, mara mbili. Ulikuwa mlango wa mbao ngumu. Ni yeye mwenyewe aliyetaka mlango mgumu.

Kisha komeo likaruka.

Mvuke ulimpiga usoni. Alimnyakua Soila kwa mkono mmoja, mtoto akiteleza kwa sabuni kama samaki, na kwa mkono wa pili akashika shuka aliyojifunga Yeyo. Walipita jikoni, wakatoka nje, wakavuka uwanja kuelekea ua wa Mama Apondi. Yeyo alijikwaa. Resian akaanguka juu yao wote wawili, akawafunika.

Ukapasuka mlio ambao mbwa wa mtaa mzima hawakuubwekea. Walikimbia.

Mabati yaliruka juu, yakageuka hewani, yakatua barabarani. Ukuta wa bafu ulifunguka. Mawe yalianguka uwanjani, na nyuma yake ikaja mvua ya maji ya moto, ikinyesha juu ya majani makavu na kutoa moshi.

Halafu kimya.

"Soila?"

"Sabuni imeingia kwa macho," mtoto alilia.

Resian alicheka huku akilia. Yeyo alikaa mavumbini, nusu uchi, akamshika shingo kwa mikono yote miwili.

"Umetutoa," alisema. "Umetutoa, entito ai."

Lau hadithi ingeishia hapo!

Koinet na Simel walitokea langoni, Mama Apondi akiwa bado anamfunika Yeyo kwa leso. Koinet alipiga yowe, akawakimbilia, akawapapasa kichwa mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu mbuzi waliovamiwa na fisi. Simel hakukimbia. Alitembea. Alitazama ukuta, akatazama paa, akamtazama mama yake.

"Ya kwanza mlisema ni bahati mbaya," alisema. "Na hii tuite nini?"

Nashon aliingia akihema, akatupa baiskeli yake chini, akapita moja kwa moja kwenye mawe. Alipekua, akainua kipande cha kipaipu. Akakitazama muda mrefu mno.

Mdomoni mwa kipaipu palikuwa na kijiti kilichoviringishwa kitambaa, kimeshindiliwa ndani kwa nguvu.

"Tangi halikukosa pumzi lenyewe," Nashon alisema polepole. "Mtu aliziba."

Simel alimgeukia Resian. Hakumtafuta mtu mwingine.

"Nani alichagua hilo tangi?"

"Ni mimi," Resian alisema.

"Nani aliambiwa paipu isiguswe?"

"Ni mimi. Na Baba Soila."

"Nani aliliwasha asubuhi, akaenda zake, akaacha mama na mtoto ndani?"

Resian alifungua mdomo. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilikuwa likimzika.

"Ni mimi."

Ndipo alipokiona kile kitambaa vizuri. Kilikuwa chekundu, chenye mirabaraba ya samawati. Alimtazama Yeyo, akaona Yeyo naye anakitazama, midomo ikimcheza. Shuka yake, ya rangi hiyo hiyo, ilikuwa imechanwa pembeni.

Resian alielewa yote. Na alinyamaza. Angesema nini? Kwamba mama yao ndiye aliyekaribia kumuua mjukuu wake? Nani angemwamini? Na hata kama wangemwamini, mama huyo angeishi vipi na neno hilo?

"Simel." Yeyo alisimama, akijishikilia kwa Mama Apondi. "Acha huyo msichana. Ni mimi niliziba."

Nashon alikishusha kile kipaipu.

"Niliona maji inaenda bure kwa mchanga. Nilikata kijiti, nikachana shuka, nikapigilia kwa jiwe. Sikujua. Hakuna mtu aliniambia. Yeye ndio ametutoa."

Resian alihisi pumzi ikirudi kifuani mwake. Imekwisha. Ukweli umesemwa, tena na mdomo ambao hauna wa kuupinga.

Simel alichuchumaa mbele ya mama yake. Akauchukua mkono wake wa kulia kwa upole. Mkono ulikuwa ukitetemeka kama jani.

"Na mkono gani, Yeyo? Huu? Huu hauwezi kushika kikombe, ndio ulipigilia kijiti na jiwe?"

"Nilitumia huu mwingine."

"Yeyo." Sauti ya Simel ilipasuka, na Resian aliona kwamba mwanamume yule alikuwa akilia kweli. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote. Simel hakuwa akidanganya. Aliamini. "Nani amekufundisha kusema hivyo? Unaogopa nini hapa?"

"Siogopi! Nakwambia ni mimi!"

"Tumesikia, mama." Simel alisimama, akapangusa uso, akamgeukia mdogo wake. "Koinet, umeona? Amemwogopesha mama mpaka anabeba makosa yake. Mara ya tatu tutakuja kuchukua maiti. Leo naenda na mama, na naenda na huyo mtoto. Kama wewe ni mtoto wa baba yetu, niletee."

"Baba Soila," Resian alisema. Alikuwa amemkumbatia binti yake, sabuni imeanza kukauka juu ya ngozi ya mtoto. "Nitazame mimi. Usimtazame yeye. Nitazame."

Koinet alimtazama. Alitazama paa lililokuwa barabarani, akamtazama mama yake anayetikisa kichwa, akamtazama kaka yake. Kisha akatembea mpaka alipokuwa mkewe, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," alisema.

Resian alitafuta machoni mwake ajue anamchukua amkinge, au anamchukua ampeleke. Hakuona kitu ila vumbi na machozi. Alizidi kumkaza Soila kifuani.

Lakini Soila, ambaye katika uwanja ule wote ndiye peke yake asiyeogopa mtu, aliachilia shingo ya mama yake, akaenda kwa baba. Koinet atageukia upande gani naye, msomaji, tutajua wiki ijayo.